Ngoma kwa Kibali

Aprili 2006 serikali ya Burundi ilifuta amri ya kutotoka nje usiku, na Bujumbura ikarudishiwa usiku wake. Kabla ya hapo harusi mjini ilipangwa kinyumenyume: kwanza mtu aliangalia saa ya amri, kisha akahesabu kurudi nyuma mpaka apate saa ya kula, saa ya kucheza na saa ya kumtoa bibi harusi. Mgeni aliyechelewa kuaga alilala hapohapo. Watoto waliozaliwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe walijua usiku wa aina mbili tu, wa kimya na wa risasi. Julai 2003 waasi wa FNL walishuka milimani wakapigana ndani ya mitaa ya kusini, Musaga na Kinanira. Muziki wa kupigwa hadi alfajiri pasipo mtu kutega sikio kusikiliza kingine kinachovuma ulikuwa kwao jambo geni.

Muziki ukaja, na pamoja nao wakaja wanaolalamika. Hilo ni la kawaida. Ugomvi wa kelele mahali pengi huwa na watu wawili, anayecheza na anayetaka kulala. Bujumbura, tangu zama ilipoitwa Usumbura, ina mtu wa tatu: mwenye muhuri. Huyo ndiye aliyeamua kwa zaidi ya miaka mia moja ni sherehe gani inayoruhusiwa kujaa barabarani na ni ipi ya kutawanywa, na ukifuata nyayo zake utagundua kwamba ukubwa wa sauti haukumsumbua sana. Aliuliza kwanza ni nani waliokusanyika.

Usumbura ilianza kama boma la Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1890, kwenye bonde tambarare kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Warundi wa milimani hawakuupenda uwanda huo wa Imbo, na walikuwa na sababu: joto, malaria, na ugonjwa wa malale uliofyeka watu mwanzoni mwa karne ya 20. Waliokuja kuishi pembeni mwa boma walikuwa askari na wapagazi, wafanyabiashara kutoka Ujiji, Wamanyema wa ng'ambo ya ziwa, Waarabu na Wahindi. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, wengi wao walikuwa Waislamu, na sherehe zao zilikuwa za pwani: maulidi, harusi za siku kadhaa, ngoma za kushindana. Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Gitega, lakini mji wa ziwani haukufa. Wabelgiji walipoingia Juni 1916 waliurudishia ukubwa wake, ukawa makao makuu ya Ruanda-Urundi.

Wabelgiji waliupanga mji kwa rula. Wazungu juu kidogo, Rohero, penye upepo. Waasia karibu na maduka. Waafrika chini, katika mitaa iliyochorwa kwa miraba, Buyenzi na ule ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Barabara za Buyenzi mpaka sasa zinatajwa kwa namba. Viwanja vilikuwa vidogo, nyumba zimebanana, ua hautoshi hata wageni wa harusi ya mtu wa kipato cha chini. Anayejua hesabu ya nafasi ataelewa mara moja: sherehe yoyote katika mtaa wa namna hiyo lazima imwagike barabarani. Mpangaji mji ndiye aliyeileta njiani, kisha sheria ikaikuta pale na kuishangaa.

Na sheria zilikuwapo. Mwafrika hakuruhusiwa kupita mitaa ya Wazungu usiku bila karatasi, kama ilivyokuwa katika miji yote ya Kongo ya Wabelgiji, ambayo Ruanda-Urundi iliunganishwa nayo kiutawala mwaka 1925. Utawala na mapadri wa White Fathers waliwatilia shaka Waswahili wa Usumbura zaidi ya wakazi wengine. Hao walikuwa watu wasio na chifu wa kuwajibia, wenye ndugu Ujiji, Uvira na Tabora, wenye dini isiyokuwa ya misheni na lugha inayovuka mipaka. Kikundi cha watu kama hao kikipiga ngoma usiku kucha, mtawala alisikia mkutano.

Hofu hiyo ilikuwa na historia yake nje ya Burundi. Katika miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa waliunda beni, ngoma iliyoiga bendi za jeshi: tarumbeta, sare, gwaride, na vyeo vya kingi, jenerali na daktari. Vikundi vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kuwasema wapinzani. Gharama zilikuwa za kutisha. Watu waliuza mali ili kikundi chao kisiaibike. Kutoka pwani beni ilisafiri na askari na makarani wa Wajerumani hadi bara, na vikundi viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vikawa na matawi mji baada ya mji. Terence Ranger, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima juu ya ngoma hiyo mwaka 1975, alionyesha jinsi ilivyoenea wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia miongoni mwa askari wa pande zote mbili. Vita vilipokwisha Waingereza walifanya uchunguzi: je, hiki chama chenye matawi kila mahali kinapanga nini? Hawakupata njama. Hata hivyo kanuni za miji ya Tanganyika zilidai kibali kwa anayetaka kupiga ngoma mjini, na Zanzibar vilevile.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka Kigoma hadi Usumbura ni safari ya meli. Tangu 1921 Wabelgiji walikuwa na gati zao wenyewe Kigoma na Dar es Salaam, kwa hiyo njia iliyoleta chumvi, vitambaa na sukari ilileta pia watu na mitindo yao. Usumbura ilikuwa kituo cha mwisho cha utamaduni wa ngoma uliokuwa umeshazoea kuomba ruhusa.

Milimani mambo yalikwenda kwa namna nyingine, lakini yaliishia pabaya zaidi. Ngoma za Burundi, zile kubwa za kuchongwa kwenye gogo na kuvikwa ngozi ya ng'ombe, zilikuwa mali ya mfalme. Karyenda, ngoma takatifu, ilikuwa ufalme wenyewe. Nyingine zilihifadhiwa katika vilima maalumu kama Gishora, zikilindwa na koo zilizorithishana kazi hiyo baba kwa mwana. Hazikupigwa kwa starehe. Zilitangaza mambo ya mfalme, na kubwa kuliko yote lilikuwa umuganuro, sherehe ya kila mwaka ambapo mfalme aliruhusu mtama upandwe. Umuganuro ulifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 1929, katika enzi ya Mwambutsa, chini ya shinikizo la wamisheni na utawala. Kwa hiyo ndani ya kizazi kimoja ngoma ya bondeni ilionekana fujo na ngoma ya milimani ikaonekana upagani, zote mbili zikapewa mipaka na watu walewale.

Kuna wakati mmoja ambapo umati wa Buyenzi ulikuwa na mlezi mkubwa. Mwaka 1957 Mwanamfalme Louis Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, akapata wafuasi miongoni mwa Waswahili wa mjini. Chama chake, Uprona, kilikuwa na nguvu huko kabla hakijawa na nguvu kwingine. Wabelgiji waliiona mikusanyiko hiyo kwa jicho lilelile la zamani. Septemba 1961 Uprona ilishinda viti 58 kati ya 64, na tarehe 13 Oktoba Rwagasore akauawa kwa risasi akiwa kwenye mgahawa kando ya ziwa. Uhuru ulikuja Julai 1962, na Usumbura ikaanza kuitwa Bujumbura.

Uhuru haukuleta kelele nyingi. Mauaji ya 1972 yaliufunga mji mdomo kwa muda mrefu, na baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 mtaa mmoja baada ya mwingine ulisafishwa kwa misingi ya kabila. Mwaka 1994 na 1995 Bujumbura ilipitia siku za "ville morte", mji mfu: makundi ya vijana yaliweka vizuizi, maduka yakafungwa, magari yakapigwa mawe, na aliyetoka nje alijua anachokitafuta. Machi 1995 mauaji yalifika Bwiza na Buyenzi, na maelfu walikimbilia upande wa Uvira. Pamoja na hayo Buyenzi inakumbukwa kwa jambo jingine. Waislamu wengi wa mtaa huo walikataa kugawanywa, wakawaficha Wahutu na Watutsi katika nyumba zao. Mtaa ambao Wabelgiji waliuona hauna mwenyewe ndio ulioshikamana.

Ni vigumu kuzungumzia turubai la harusi lililofunga njia katika Bujumbura ya baada ya 2006 bila kukumbuka vizuizi hivyo. Barabara ileile iliyozibwa kwa mawe na magogo sasa inazibwa kwa viti vya plastiki vya kukodi. Kuanzia asubuhi vijana wanasimamisha nguzo, wanafunga vitambaa, jenereta inawekwa kando kwa sababu umeme wa shirika la Regideso hauaminiki, na kufikia alasiri fundi wa muziki anajaribu spika: moja, mbili, moja, mbili. Mwenye gari aliyeko ndani ya mtaa amekwama hadi kesho. Mwenye mgonjwa hana la kufanya. Sikukuu ya Idi, iliyotambuliwa kuwa siku ya mapumziko ya taifa mwaka 2005, huijaza Buyenzi watu kutoka mji mzima, na katika mitaa ya baa bia za Brarudi, kiwanda kilichoanza 1955, zina muziki wake na saa zake.

Asiyelala ana haki yake, na historia haimwondolei. Mwanafunzi wa mtihani, mama mwenye mtoto mchanga, mlinzi aliyetoka zamu ya usiku: kelele inawaumiza hata kama inapigwa na watu walioonewa na kila serikali iliyopita. Mtaani mambo hayo mara nyingi humalizwa kwa njia fupi. Mwenye shughuli anawapitia majirani mapema, anamwona nyumbakumi, anamwona mkuu wa mtaa, na jirani mwenye kinyongo anaalikwa kula. Ukishakula pilau ya mtu ni vigumu kwenda kumshtaki saa saba ya usiku. Mfumo huo una kasoro, hasa kwa mpangaji mgeni asiyemjua mtu, lakini unafanya kitu ambacho sheria za mji huu hazikuwahi kukifanya: unamuuliza jirani.

Mambo yalizidi kubanana Januari 2013. Tarehe 27 soko kuu la Bujumbura liliungua, na maelfu ya wachuuzi wakapoteza mtaji na meza kwa siku moja. Biashara ilitawanyika hadi masoko ya mitaani, Ruvumera ya Buyenzi likiwa mojawapo. Mtaa wa makazi ulipokea sehemu ya soko la taifa zima: mikokoteni, magari ya mizigo, wachuuzi wanaonadi, kaseti za matangazo zinazojirudia. Karibu na hapo mafundi wa magari waliokuwa wameshaupa mtaa huo jina walikuwa wanagonga mabati kama kawaida. Hakuna aliyewauliza wakazi kama wanataka gulio mlangoni. Soko liliungua, watu walihitaji kula.

Kilichowashtua watawala mwaka uliofuata kilikuwa watu wanaokimbia.

Mazoezi ya pamoja yalikuwa desturi ya Bujumbura ambayo mgeni aliigundua akiwa kitandani. Asubuhi ya Jumamosi au Jumapili, jua halijapanda, kikundi cha watu thelathini au mia kilipita kwa mwendo wa pole, miguu ikikanyaga pamoja, mmoja akianzisha wimbo, wengine wakiitikia, filimbi ikitia mdundo. Kikipita kimoja kilikuja kingine. Kulikuwa na klabu za mtaa, za kazini, za kanisa, za vyama. Wenyewe husema desturi ilikolea miaka ya vita, wakati kukimbia peke yako kulitia shaka na kukimbia kwa pamoja kulitia moyo. Kwa mtu aliyelala saa tisa ilikuwa balaa. Kwa wengine ilikuwa ndiyo furaha ya wiki.

Tarehe 8 Machi 2014 polisi walipambana na wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD, wengine wakiwa wametoka katika mazoezi hayo. Mwezi huohuo mahakama iliwahukumu watu 21 kifungo cha maisha. Ikaja pia amri: hakuna tena kukimbia kwa vikundi barabarani mjini Bujumbura, klabu zitafanyia mazoezi katika viwanja tisa vilivyotajwa. Rais aliyekuwa madarakani, Pierre Nkurunziza, alikuwa mwalimu wa michezo na mpenda kandanda aliyemiliki timu yake mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai kwamba serikali haipendi mazoezi. Wala hakuna aliyetaja usingizi wa raia. Zile nyimbo za alfajiri zilizowaamsha watu miaka yote hazikuwa kosa mpaka zilipoimbwa na watu wa chama kisichotakiwa. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Nkurunziza yalipoanza, vizuizi vikarudi Musaga, Nyakabiga na Cibitoke, na turubai za harusi zikapumzika tena.

Nchi nyingine za Afrika Mashariki zimejaribu kuiondoa kelele mikononi mwa mwenye muhuri na kuikabidhi kwa mashine. Uganda ilitunga kanuni za viwango vya kelele mwaka 2003. Kenya ikafuata mwaka 2009, ikaweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa maeneo ya makazi, kiwango ambacho jogoo mmoja wa Kibera anaweza kukivunja bila msaada. Ilipofika Oktoba 2022 bado gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, alilazimika kutangaza vita dhidi ya vilabu vya usiku vilivyo katikati ya nyumba za watu. Rwanda ilikwenda kwa nguvu zaidi. Mwaka 2018 Kigali ilifunga makanisa kama 700 kwa sababu za usalama, usafi na kelele, na mwezi Machi sehemu ya misikiti ya Nyarugenge ikaambiwa iache kuadhini kwa spika. Mashine ya kupimia sauti haina chama, ila anayeishika ana mkubwa wake.

Burundi yenyewe ilirudi kwenye ngoma. Ngoma za milimani zilikuwa zimepata maisha mapya yasiyotarajiwa. Rekodi zilizochapishwa Ufaransa katika miaka ya 1960 zilimfikia Joni Mitchell, aliyeutumia mdundo huo mwaka 1975, kisha kundi la Adam and the Ants la Uingereza, lililojipatia umaarufu kwa mdundo wa aina hiyohiyo mwaka 1980. Wapiga ngoma wa Burundi walialikwa kwenye tamasha la WOMAD mwaka 1982. Nyumbani, vikundi viliongezeka hata Bujumbura, na mtu mwenye uwezo aliweza kuwaita kwenye harusi au sherehe ya kumaliza chuo: vijana wanaingia ngoma zikiwa kichwani, mmoja anaruka hewani, wageni wanapiga makofi, na mtaa wa tatu kutoka pale unajua kwamba binti wa fulani ameolewa. Mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha ngoma hiyo ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Oktoba 2017 Nkurunziza alitia saini amri ya kuisimamia. Wanawake walikatazwa kuipiga. Wao wabaki na ngoma zao za kike. Maonyesho nje ya sherehe rasmi yalihitaji idhini ya wizara ya utamaduni, vikundi vijisajili, na kila onyesho lilipiwe faranga 500,000 kwa hazina ya serikali. Sababu iliyotolewa ilikuwa heshima: ngoma ya wafalme isitembezwe kama bidhaa ya kukodi. Hoja hiyo si ya kupuuza, kwa kuwa zamani haikupigwa kwa kila mwenye pesa. Lakini ufalme ulifutwa mwaka 1966, na waliokuwa wameiweka hai kwa nusu karne ni hao wapiga ngoma wenyewe, kwenye majukwaa ya ugenini na kwenye harusi za watu.

Kwa familia ya Kinama au Buyenzi inayojumlisha gharama za harusi, nusu milioni ya kibali ilimaliza mjadala. Amri ilihusu ngoma ya kifalme peke yake. Fundi wa muziki mwenye spika mbili na jenereta hakuhitaji kujisajili wizarani, na bei yake ilikuwa chini zaidi. Mwishoni mwa 2018 serikali ikatangaza kwamba makao makuu ya kisiasa yanahamia Gitega, kilomita chache kutoka kilima cha Gishora, ambako wageni bado wanaonyeshwa ngoma za zamani. Shughuli za biashara zilibaki Bujumbura, na mwisho wa wiki turubai zinaendelea kufungwa Buyenzi.